Mahari, Wakwe na Polisi: Ni Nani Hasa Aliyekosa?



Ugomvi wa mahari ukizuka katika nyumba, siku hizi mambo huenda kwa mojawapo ya njia mbili. Ama yafunikwe, mwanamke aambiwe avumilie na arudi kwa mumewe kabla majirani hawajajua. Ama yafumuliwe yote siku moja, waandikwe polisi mume na mama yake na baba yake na dada zake na ndugu zake, mpaka yule shangazi aliyekuja arusini akala pilau akarudi kwao Tabora. Njia ya kwanza twaijua sote, na ubaya wake umesemwa na wengi. Ya pili ni ngeni kidogo kwetu, na wako wanaoishangilia kwa kuwa waiona ndiyo dawa ya ile ya kwanza. Makala haya yanaikosoa hii ya pili. Lakini nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujafurahi wala hujakasirika, kwani simtetei mavyaa aliyemtesa mkaza mwana wake. Hasha! Nasema kwamba kuushitaki ukoo mzima ndiko kunakomwokoa yeye.

Nakuandikia kutoka Ngokolo, kata iliyo ndani ya mji wa Shinyanga. Waislamu wa hapa ni mchanganyiko: wapo waliotoka pwani na Tabora kufuata biashara na reli, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, wapo wenye asili ya Arabuni na ya Bara Hindi, na wapo Wasukuma wenyewe, wenyeji wa nchi. Kwa Wasukuma mahari ni ng'ombe, na ng'ombe si kitu cha kijana peke yake. Hutoka katika zizi la baba, pengine na la ami, na pengine ni wale wale waliopokewa dada yake alipoolewa. Basi binti anapoingia katika nyumba hiyo, kila mtu huona ana sehemu yake kwake. Bavyaa aona ng'ombe wake, wifi aona ng'ombe walioletwa kwa ajili yake, shemeji aona ng'ombe ambao angeolea yeye. Akichelewa kuamka kuchota maji, neno la kwanza analolisikia ni ng'ombe. Asipozaa mapema, ng'ombe. Akitaka kwenda kumwuguza mama yake, huulizwa kama mama huyo amekwisha rudisha ng'ombe.

Na hapa petu yameongezeka mambo ya dhahabu. Kijana huoa, akakaa miezi michache, kisha akaondoka kwenda Kahama au Geita kutafuta riziki machimboni, na mke akaachwa kwa wazazi wa mume. Fedha hutumwa kwa simu. Je, zimetumwa kwa simu ya mama au kwa simu ya mke? Hapo ndipo maneno huanza, na ugomvi ulioanza kwa fedha za simu huishia kwa hesabu ya mifugo. Mume mwenyewe yuko ndani ya shimo, haoni wala hasikii, na kila upande humpigia kumweleza yake.

Najua msomaji wa Mombasa, wa Tanga au wa Unguja atasema: hayo ni ya Wasukuma na ng'ombe wao, kwetu mahari ni fedha, nayo ni ya bibi arusi, kilemba ni cha baba, mkaja ni wa mama, na hapana anayemhesabia mtu mbuzi wala ng'ombe. Taratibu, ndugu yangu. Ni nyumba ngapi za pwani ambazo dhahabu za bibi arusi zimeuzwa kwa shauri la mavyaa, ati mume afungue duka, na duka lilipofunguka likaandikwa jina la shemeji? Ni mara ngapi mke wa pili kuolewa katika ua mmoja ameambiwa kwamba mwenzake alikuja na kabati na mashine ya kufulia, na yeye kaja na nini? Hilo ni dai la mali kwa mwanamke, hata likisemwa kwa kicheko mbele ya wageni. Na liko la tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote kwa kuwa limevikwa kanzu ya dini: mwanamke huteswa na watu wa nyumba ile mpaka aseme mwenyewe kwamba ataka kuondoka, kisha huambiwa, "Basi nunua talaka yako," arudishe mahari na zaidi ya mahari.

Katika mas-ala haya sharia yetu haina kiza. Sura ya An-Nisaa imeamuru katika aya ya 4 kwamba wanawake wapewe mahari yao, na mume hana ruhusa ya kula humo ila kile ambacho mke amekitoa kwa radhi ya moyo wake. Aya ya 19 imekataza kuwatia wanawake dhiki kwa nia ya kuwapokonya baadhi ya walichopewa. Aya ya 20 imekataza kurudisha chochote kwa anayetaka kubadilisha mke, hata kama alichotoa kilikuwa rundo la mali. Katika aya zote hizo hapana pahala pa mavyaa, wala wifi, wala shemeji. Ni kweli khului ipo na ni halali: mwanamke asiyeweza kukaa na mumewe hujikomboa kwa mali, wakaachana. Walakini wanavyuoni wetu wameeleza kwamba mume akimdhuru mkewe makusudi ili ajikomboe, mali ile si halali kwake. Na ikiwa si halali kwa mume, vipi itakuwa halali kwa dada yake?

Tumekwisha jua basi kwamba dhulma ipo, na kwamba jamaa za mume huwa na mkono ndani yake. Sasa twende kwa polisi.

Nchi iliyotangulia mbali katika kuwashitaki jamaa za mume ni India. Huko mahari huenda kinyume cha kwetu: watu wa binti ndio wanaowapa watu wa kijana, na baada ya arusi madai huendelea, leo pikipiki, kesho friji, kesho kutwa fedha taslimu. Sheria ya mwaka 1961 ilipiga marufuku kutoa na kupokea, na watu wakaendelea kutoa na kupokea. Wanawake wakawa wanakufa kwa moto jikoni, na kila mara ikisemwa kwamba ni ajali ya stovu. Ndipo mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo likaongeza katika kanuni ya adhabu kifungu cha 498A, kinachomtia hatiani mume au jamaa yake yeyote anayemfanyia mke ukatili, pamoja na kumsumbua kwa ajili ya mali. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3, na faini. Mwaka 1986 ikaongezwa sheria juu ya vifo: mwanamke akifa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikithibiti kwamba karibu na kifo chake alisumbuliwa kwa mahari, mume au jamaa waliomsumbua hukabiliwa na kifungo cha kuanzia miaka 7 hadi maisha. Asidhani mtu kwamba sheria hizi zilitungwa kwa chuki ya wakwe. Katika mwaka 2022 peke yake serikali ya India iliandika vifo vya mahari zaidi ya 6,000. Hao ni waliofikishwa katika vitabu.

Sasa tazama lililofuata. Ilikuwa desturi, anapoandikiwa mume mashitaka, kuandikwa na wote walio karibu naye. Bibi aliyelala kitandani kwa maradhi akaandikwa. Dada aliyeolewa mji mwingine akaandikwa. Ndugu aliyekuwa ng'ambo akaandikwa. Kwa hesabu ya mwaka 2012, waliokamatwa chini ya kifungu kile walikuwa 197,762, na katika hao 47,951 walikuwa wanawake, wengi wao wakiwa mama na dada za waume. Polisi walifikisha mahakamani karibu kesi 94 katika kila 100. Lakini zilizokwisha kwa hukumu ya hatia zilikuwa 15 tu katika kila 100. Mwezi wa Julai 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile, katika kesi iliyotoka jimbo la Bihar, ikawaamuru polisi wasimkamate mtu kwa sababu tu ameandikwa, mpaka wapime na waandike kwa nini kukamatwa kwake ni lazima. Februari 2022, kesi nyingine ya Bihar, mahakama ile ile ikayafuta mashitaka ya jamaa za mume kwa kuwa yalikuwa ya jumla, hapana aliyeonyeshwa kitendo chake mwenyewe. Desemba 2024 ikafanya hivyo tena katika kesi iliyotoka Telangana. Sheria yenyewe haikuondoka. Kanuni mpya iliyoanza tarehe 1 Julai 2024 imeihamisha kwa maneno yale yale.

Wako wanaozisoma hesabu hizo wakasema: mnaona, wanawake waongo. Mimi siyasomi hivyo, na naona ni haraka ya ajabu kuyasoma hivyo. Kesi hufa kwa njia nyingi: wazee huingia kati, mwanamke hulipwa akanyamaza, miaka hupita shahidi akahama au akafa. Ninachokisoma mimi ni kingine. Hati ile inayosema "watu hawa 9 walimtesa" huanguka yote pamoja, na inapoanguka, yule aliyemchoma mtoto wa watu kwa moto hutoka mlango mmoja na yule shangazi aliyekula pilau, akaenda nyumbani na hukumu ya mahakama mkononi kwamba hana hatia. Kuanzia siku hiyo hapana awezaye kumgusa.

Huku kwetu Tanzania hatuna kosa la jinai lenye jina la kusumbua kwa mahari. Yako makosa ya kila siku: kupiga, kujeruhi, kutishia, kuiba, kuharibu mali, na Kanuni ya Adhabu humhesabu kuwa mkosaji hata yule aliyesaidia au aliyemshawishi mwenziwe atende. Kwa hiyo mavyaa aliyemwambia mwanawe "mpige huyo" hawezi kujificha nyuma ya kwamba hakushika fimbo. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo imesema kwamba hapana mila inayompa mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa kutolipwa mahari ya kimila. Vyombo vya kutosha, kama vitatumiwa kwa mtu aliyetenda.

Kwa upande wa pili, mkoa wetu huu wa Shinyanga umepata kuonyesha ulimwengu jinsi jamaa za mume wanavyoweza kudhulumu bila kuulizwa na polisi hata kidogo. Wajane wawili wa Kisukuma walifiwa na waume zao. Kwa mila, mashemeji ndio waliosimamia mirathi, na wajane wale na watoto wao wakatolewa katika nyumba walizokuwa wakiishi. Mila yenyewe ilikuwa imetangazwa na serikali kwa maandishi tangu mwaka 1963. Wakaenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ikakubali kwamba mila ile inawabagua wanawake, kisha ikakataa kuiondoa. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikaitupa rufaa yao kwa dosari ya karatasi. Wakafika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba nchi yetu ilivunja ahadi zake. Msomaji, miaka yote hiyo! Na mashemeji hawakuwa wamevunja sheria. Sheria ndiyo iliyowakabidhi ufunguo. Nayataja haya ili asije mtu akanihesabu miongoni mwa wanaolia kwamba wakwe wanaonewa. Huku kwetu bado anayeonewa zaidi twamjua.

Lakini pia twamjua bi kizee wa Usukuma. Katika nchi hii kumtaja ajuza kwa neno la jumla si jambo dogo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa Shinyanga na mikoa jirani kwa kushukiwa uchawi, pengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo ni ya moshi wa kuni na samadi ya kupikia. Ugomvi wa ndoa ukiandikwa "wakwe wamenitesa nisizae," neno "wamenitesa" huenda mitaani likageuka "wameniroga," na polisi si wao peke yao wanaozisikia tuhuma. Anayeandika jina la mama mzee katika karatasi ajue anaandika nini.

Nieleze kisa kimoja, bila ya majina, kwani wenyewe wapo hai. Familia moja ya Kiislamu ya jirani ililetewa binti yao usiku, kidole kimevunjika, na mtoto mgongoni. Kaka yake akaandika karatasi yenye majina 7 ya kupeleka polisi: mume, bavyaa, mavyaa, shemeji, mke wa shemeji na mawifi wawili. Chini ya majina akaandika kwamba wote kwa pamoja walimtesa dada yake kwa ajili ya mahari. Nikaombwa niitazame kwa kuwa naandika hati nzuri. Nikamwita yule binti, mbele ya mama yake, nikamwuliza mmoja mmoja: huyu alifanya nini? Mume alikuwa Geita mwezi wa tatu huo. Bavyaa ni mzee asiyeona vizuri, hutoka asubuhi kukaa chini ya mwembe. Wifi mkubwa ameolewa Mwanza. Shemeji ndiye aliyempiga kwa fimbo, akachukua na cherehani aliyoinunua kwa fedha za mahari yake mwenyewe. Mavyaa ndiye aliyemfungia nje usiku akisema hafungui mpaka ng'ombe warudi.

"Na mke wa shemeji?"

"Huyo ndiye aliyenipeleka hospitali, akanishikia na ile PF3."

"Na wifi mdogo?"

"Ndiye aliyenifungulia mlango wa uani, Maalim. Kama si yeye, tungelala nje na mtoto."

Nikamwambia kaka mtu: baba, watu hawa wawili ndio kesi yako yote. Waliyaona kwa macho yao. Nawe umewaandika wezi pamoja na mwizi. Akanijibu, "Maalim, wote ni damu moja." Sikuwa na mamlaka juu ya karatasi yake. Ikaenda na majina 7. Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa na hofu. Kisha wifi mdogo akapelekwa kwa dada yake Mwanza, na mke wa shemeji alipoulizwa akasema hakuona kitu, naye asemeje, iwapo kusema ni kujikubalia kwamba alikuwapo? Daktari aliandika kidole kimevunjika, lakini daktari haandiki nani aliyekivunja. Mpaka naandika haya cherehani iko kwa shemeji, na mkewe wa shemeji amekoma kuamkiana na majirani.

Hili ndilo ninalotaka ulione, msomaji. Dhulma ya mahari haitendwi sokoni. Hutendwa ndani ya ua, nyuma ya mlango, na wanaoiona ni watu wa ua huo huo. Katika kila nyumba ya namna hiyo yupo mmoja anayeona haya: wifi mdogo asiyeolewa ambaye kesho yatamfika yeye, au mke mwenza, au mtumishi, au bavyaa mwenyewe aliyechoka na ukali wa mkewe. Huyo ndiye shahidi, na hapana mwingine. Kadhi hukuuliza ushahidi, na hakimu hukuuliza ushahidi. Dai ni la mdai kulithibitisha, na hilo mtoto wa chuoni alijua. Ukimwandika shahidi pamoja na mkosaji, umewafunga wote kamba moja, na tangu hapo watateteana kwa sababu wokovu wa mmoja ni wokovu wa wote. Mavyaa mwerevu hana haja ya wakili. Adui zake wamekwisha mfungia ukoo mzima nyuma yake.

Lawama si ya vijana wenye hasira peke yao. Ndugu zangu masheikh na wazee wa mitaa tunayo sehemu kubwa. Aya ya 35 ya Sura hiyo hiyo imeweka waamuzi wawili, mmoja wa watu wa mume na mmoja wa watu wa mke, pale inapohofiwa mfarakano baina ya wawili hao. Sisi tumeifanya aya ya kufunikia mifupa iliyovunjika. Mtu amepigwa, twamwita kwenye sulhu, tena waamuzi wote wawili waketi upande wa mume kwa kuwa watu wa mke wako Kigoma au Pangani na nauli hawana. Anaambiwa asamehe, na cherehani yake haitajwi. Akirudi kwa mara ya tatu hamwamini mzee yeyote, ndipo huandika majina 7. Orodha ile ndefu ni mtoto wa sulhu zetu mbovu, na baba wa mtoto huyo asijitie kushangaa sura yake.

Tena kuna jina ambalo sikuliona katika orodha ya kaka yule, wala silioni katika orodha nyinginezo: la baba wa mwanamke. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyopelekwa na shirika la MIFUMI lenye makao yake Tororo, iliamua kwamba mahari ya kimila yenyewe haivunji katiba, ila kumdai mwanamke irudishwe ndipo ndoa ivunjike ndiko kunakovunja. Kesi ile ilianza 2007, na ilipingwa ngazi ya kwanza. Aliyeishi huku haoni ajabu ya neno hilo. Binti akija analia, mara nyingi anayemrudisha kwa mkono ni baba yake mwenyewe, kwa kuwa ng'ombe wamekwisha liwa, au wametumika kumwoza kaka yake, yule yule kaka anayeandika majina kwa hasira. Simwombei baba huyo pingu. Nasema tu kwamba anayehesabu waliomtesa binti yake aanze hesabu barazani kwake.

Wakenya wamejaribu namna nyingine. Sheria yao ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani imetaja kuingilia kwa wakwe kuwa ni sura mojawapo ya ukatili, bega kwa bega na kuoza watoto na kurithi wajane kwa nguvu. "Kuingilia" ni neno pana. Mavyaa mwenye kusema mchuzi umezidi chumvi naye ameingilia. Lakini ninachokipenda ni njia yake. Aliyedhulumiwa huenda mahakamani akaomba amri ya kinga. Mahakama humwandikia mtu fulani kwamba asikaribie, asitishie, asichukue kitu fulani. Na akiivunja amri hiyo ndipo huwa kosa la jinai. Yaani hakimu halazimiki kuufunga ukoo ili kumlinda mke. Humwonya aliyetenda kwa jina lake na kitendo chake, na waliobaki wako huru kusema walichokiona. Sisi tunalo dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na ni jambo jema, kwani mwanamke hulazimiki tena kueleza aibu yake mbele ya kaunta. Amri kama ile ya Kenya ingelisaidia dawati hilo sana.

Kwa wewe uliye nyumbani, Mombasa au Ngokolo, hapana haja ya kungoja Bunge. Binti anapoolewa, andikeni mahari ni kiasi gani, amepewa nani mkononi, na vyombo na dhahabu alivyokwenda navyo, kimoja kimoja, wasaini mashahidi wa pande mbili. Ng'ombe wakitolewa kwa baba, iandikwe kwamba wametolewa kwa baba kwa mila, ili asije akadaiwa yeye. Nimepata kuona karatasi za ndoa ambazo pahala pa mahari pameandikwa "wamekubaliana," basi. Wamekubaliana nini? Kesho shemeji akichukua cherehani, utasema ni ya nani?

Nitaambiwa: mwanamke aliyepigwa usiku hakumbuki tarehe, nawe Maalim wataka atoe hesabu kama karani. Sitaki tarehe za kalenda. Wanawake wetu hukumbuka vizuri kuliko makarani, ila hatuwaulizi kwa utulivu. Twawauliza kwa kelele, chumba kimejaa wajomba. Mkalishe na mama yake. Mpe maji. Mwulize mvua ilikuwa imeanza au bado, mtoto alikuwa ameota meno mangapi, mumewe alikuwa amepiga simu siku ile au la. Akisema ilikuwa usiku wa kuamkia mnada, baada ya Isha, andika hivyo hivyo, na chini yake andika ni nani aliyemfungulia mlango.